Zawadi Inayopita Juu ya Vichwa Vyetu

Kila mara redio inapotangaza kwamba tajiri fulani ametoa zawadi ya michoro ya Kiafrika kwa jumba la makumbusho la Ulaya ao la Marekani, watu wetu wanafurahi. Wanasema: vitu vyetu vimepata heshima. Hata kati ya walimu wenzetu tunasikia maneno hayo, na wale waliosoma sana ndio wanaoyasema kwa nguvu zaidi. Sisi hatukubali. Na tunaomba ndugu msomaji atuvumilie tukieleza juu ya nini hatukubali, sababu jambo hili linagusa mila kabisa, hata kama wengine watauliza: michoro ya rangi za dukani ni mila tangu lini?

Tujibu kwanza swali hilo. Wazee waliofanya kazi Katanga wanakumbuka. Katika miaka ya 1970, pale Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mtu wa Gécamines ao karani wa serikali akipata mshahara wake alikuwa ananunua mchoro wa kutundika katika chumba cha kupokelea wageni. Haukuwa kitu cha bei kali. Mara nyingi ulichorwa juu ya kitambaa cha mfuko wa unga, uliokazwa kwenye mbao. Juu yake unaona mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, anayeleta feza na kuleta pia msiba. Ao unaona "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini, askari anampiga fimbo, Mzungu mwenye kofia anaangalia, bendera inapepea. Ao Lumumba akiwa amefungwa mikono.

Watu waliita michoro ile jina gani? Waliita ukumbusho. Mgeni akiingia nyumbani, macho yake yanakwenda ukutani, anauliza: huyu anapigwa juu ya nini? Basi baba wa nyumba anaanza kueleza, jirani anamsahihisha, mama anaongeza lake kutoka jikoni, na watoto wanasikia vile babu yao alivyopigwa. Mazungumzo hayo ndiyo tunayoyaita mila. Kitambaa kilikuwa kama mlango wa kuyaingilia tu. Na katika lugha yetu ukumbusho na makumbusho ni watoto wa kitenzi kimoja. Tofauti yao iko hapa: ule wa nyumbani ulikuwa unamkumbusha mtu jambo lililompata yeye ao mzazi wake. Jumba la makumbusho la mbali linamkumbusha nani, jambo gani?

Sasa tuone michoro ile imekwenda wapi. Kulikuwa na mchoraji mmoja wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947. Yeye hakukubali kuitwa mchoraji tu; alisema yeye ni mwanahistoria. Mwaka 1973 na 1974 alikutana na profesa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha pale chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba akamchorea historia nzima ya inchi, tangu zamani za wafalme mpaka wakati wa Mobutu, michoro zaidi ya 100. Na kila alipoleta michoro waliketi pamoja, profesa akifungua mashine ya kurekodi sauti, na Tshibumba akaeleza mchoro mmoja kisha mwingine. Alieleza kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Kiswahili cha kule, kilichochanganywa na Kifaransa, sawa na hiki tunachosema sokoni Virunga. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuna aliyejua tena Tshibumba alipo.

Michoro ile leo iko Amsterdam, katika jumba lililoitwa Tropenmuseum, ambalo tangu 2023 linaitwa Wereldmuseum. Kitabu kikubwa kilichotolewa juu yake mwaka 1996 ni cha Kiingereza. Maneno ya Kiswahili nayo yaliandikwa, tunashukuru, na wataalamu wa Amsterdam waliyaweka kwenye intaneti. Lakini tuulize katika shule zetu za sekondari hapa Goma: ni walimu wangapi wa historia wamekwisha kuyasoma? Mkongo mmoja aliketi, akaichora historia ya Kongo yote, akaieleza kwa lugha tunayoota nayo usiku, na mwanafunzi wetu anakwenda kwenye mtihani wa taifa bila kumsikia hata jina.

Mwingine ni Bogumil Jewsiewicki, mwanahistoria mwenye asili ya Poland, aliyefundisha Kongo kisha akahamia Québec. Yeye alikusanya michoro ya namna hiyo tangu 1968 mpaka 2012, karibu 2000. Mwaka 2013 mkusanyiko huo uliingia katika jumba la Tervuren, karibu na Brussels. Mwaka 2016 sehemu yake ilionyeshwa Brussels pale Bozar, maonyesho yaliyotayarishwa na Sammy Baloji, mtoto wa Lubumbashi, pamoja na Bambi Ceuppens. Mwaka 2017 michoro ikasafiri mpaka Moscow. Basi mtu wa Moscow alisimama mbele ya ukumbusho wa mfanyakazi wa Likasi. Mtoto wa Keshero akitaka kusimama pale, anapashwa kupata pasipoti, visa, tiketi, na barua ya mtu wa kumpokea.

Kisha kuna wale wanaotoa zawadi hasa, kwa barua na picha za magazeti. Mwaka 2019 Jean Pigozzi, mwana wa tajiri aliyeanzisha kampuni ya magari ya Simca, aliwapa MoMA ya New York kazi 45 za wasanii wa Afrika, na kazi za Wakongo zilikuwamo. Alisifiwa, na kwa upande mmoja alistahili. Kwa miaka mingi mtu wake, Mfaransa André Magnin, ndiye aliyezunguka Afrika akimtafutia kazi hizo. Alinunua wakati wengi walicheka.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba watu hawa waliiba. Kuna wenzetu, vijana hasa, ambao kwa kila jambo wana neno moja: "Baturudishie!" Neno hilo lina haki yake kwa vinyago na sanamu zilizochukuliwa kwa bunduki wakati wa ukoloni. Kwa vitu vile Ubelgiji ilitunga sheria tarehe 3 Julai 2022, na mwezi wa pili mwaka uleule iliikabidhi Kinshasa orodha ya vitu karibu 84.000. Lakini sheria ile inaangalia vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Mchoro ulionunuliwa Lubumbashi mwaka 1973, kwa feza, mkono kwa mkono, na mchoraji akarudi nyumbani na unga wa watoto, haumo. Mwenye kupiga kelele ya wizi hapa anapoteza sauti yake bure, na Wazungu watamjibu kwa kumwonyesha risiti.

Tena tuseme ukweli wote. Fabian alimwuliza Tshibumba, akamsikiliza, akaandika jina lake na maneno yake. Sisi wenyewe tulifanya hivyo kwa nani? Michoro mingi iliyobaki katika nyumba zetu imeliwa na unyevu na panya. Mingine ilipasuliwa ikawa pazia la choo.

Lakini kulipa bei ya kitu hakumalizi maneno, na wazee wetu walilijua jambo hili kuliko wanasheria. Kwetu mtu anaweza kuwa na shamba mkononi, analilima, anakula mazao yake, lakini siku anapotaka kumpa mtu wa mbali anapashwa kuita ukoo. Si kwamba ukoo utakataa. Watakaa, watakunywa, watasema ni nani alizikwa pale, ni njia gani inapita, nani ana ruhusa ya kuchota maji. Kisha shamba linatolewa pamoja na maneno yake yote. Anayetoa bila kuita ukoo hatuiti kitendo chake zawadi. Tunamwambia: ulitupita juu ya kichwa.

Mkusanyaji alinunua kitambaa na rangi. Je, alinunua pia ukumbusho? Alinunua yale mazungumzo ya baba, jirani na mama wa jikoni? Hapana, kwa sababu hakuna aliyemwuzia, na hayauzwi. Basi siku anapoukabidhi mkusanyiko wake kwa jumba kubwa, anatoa kitu ambacho nusu yake ni yake na nusu ni yetu. Kwenye meza ya kutia sahihi huwa wanakaa yeye, mkurugenzi wa jumba na mwanasheria. Sisi wenye nusu ya pili hatuna hata kiti cha plastiki.

Tunajua jibu tutakalopewa, tena na watu wa hapahapa: "Acha bibakie kule kwa bazungu, huku bitaibiwa tu." Jibu hilo lina uzito, hatutalikimbia. Mobutu alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwezi wa kumi 1973 akadai vitu virudi. Kati ya 1976 na 1982 Tervuren ikaleta Kinshasa vitu zaidi ya 100. Kilichofuata tunakijua: miaka ya 1990, uporaji, walinzi wasiolipwa, vitu vingi vya makumbusho vikapotea na vingine vikaonekana tena sokoni Ulaya. Aibu ile ni yetu wenyewe. Na hapa Goma tuna mambo mengine juu yake. Januari 2002 Nyiragongo ilikula katikati ya mji. Mei 2021 ikarudi. Januari 2025 vita viliingia mpaka barabarani mwetu. Mtu akituambia tuletewe leo mchoro wenyewe wa Tshibumba tuutundike Keshero, sisi wa kwanza tutamwambia angojee.

Basi wanafikiri wametushinda. Wanasahau kwamba nyumba ya mawe ni jambo moja na haki ya kukumbuka ni jambo lingine. Wanasahau pia kwamba wapo waliotoa nyumbani, na kwamba tunaweza kujifunza kwao, mazuri na mabaya.

Chukueni Joseph Murumbi wa Kenya. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Mhindi wa Goa, mama yake Mmasai. Shule aliisomea India. Mwaka 1966 alikuwa makamu wa rais wa Kenya, akakaa miezi michache tu, akaacha siasa. Pamoja na mke wake Sheila alikusanya sanamu, nguo, vito, stempu, na vitabu kwa maelfu kutoka Afrika nzima. Watu wa nje walitaka kuvinunua kwa bei kubwa. Yeye katika miaka ya 1970 akaiachia serikali ya Kenya kwa bei ndogo zaidi, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba pale patakuwa chuo cha utafiti wa mambo ya Afrika. Serikali ilifanya nini? Nyumba iliachwa mpaka ikabomolewa. Murumbi alikufa mwaka 1990 akiwa amekwisha kuona ahadi ile inavyokufa mbele yake. Kaburi lake liko City Park, Nairobi.

Wanaopenda kutucheka wanaishia hapo katika hadithi. Lakini haikuishia hapo. Vitu vyenyewe havikupotea vyote. Viko katikati ya Nairobi, Moi Avenue, katika jumba la Nyaraka za Taifa ambalo zamani lilikuwa benki, na tangu 2006 ukumbi wa chini unaitwa kwa jina la Murumbi. Mtu aliyetoka hapa kwa basi kupitia Uganda anaweza kuingia pale na mfuko wake wa safari. Kumbe serikali ilimdanganya mtoaji, lakini kwa sababu alitoa nyumbani, raia walipata mahali pa kudai. Zawadi ikikosewa Nairobi, mwandishi wa Nairobi anaandika, mbunge anaulizwa, miaka inapita na mlango unafunguliwa. Zawadi ikikaa ghalani New York, sisi tutamwuliza nani? Kwa barua ya lugha gani?

Kinshasa nayo ina jumba jipya tangu Novemba 2019, lililojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Tunalifurahia. Lakini watu wa Kinshasa wasituambie kwamba kwa hiyo sisi pia tumepata. Kwa basi tunafika Kampala. Kwa basi hatufiki Kinshasa. Na tulikwisha kuzoea kuwa inchi ya kuchimbwa tu, hata kwa mambo ya akili. Ule mfupa wa Ishango wenye mistari ya kuhesabia, uliochimbwa mwaka 1950 katika mkoa wetu huu, pale ziwa Edward, uko Brussels, na mwalimu wa hesabu wa Goma anaanza somo lake na Pythagoras.

Tunadai nini basi? Hatudai misumari na mbao. Tunadai kwamba kila mkusanyaji anayetoa michoro ya kwetu kwa jumba la mbali aandike katika barua ileile ya zawadi sharti moja: kwamba maneno yarudi. Maana yake nakala kubwa, za rangi nzuri, za ukubwa wa mchoro wenyewe, ziletwe mahali mchoro ulikozaliwa na katika miji inayosema lugha ya mchoraji. Sauti zilizorekodiwa ziletwe pia, pamoja na maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa chapa kwenye karatasi, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Na mwalimu asiombe ruhusa ya mtu wala kulipa haki ya picha ili kuonyesha kalasi yake historia ya babu zake. Kwa jumba lenye wafanyakazi na bajeti kama yale, kazi hiyo si mzigo. Gharama yake ni ndogo kuliko divai inayonyweka siku ya kufungua maonyesho. Na yale majumba ambayo zawadi yamekwisha kuipokea, Amsterdam na Tervuren, yanaweza kuanza hata bila sharti.

Hata nakala si kitu cha kudharau. Ukumbusho wa Lubumbashi wenyewe ulikuwa unarudiwa: mchoraji alichora "Colonie belge" moja, jirani akaiona, akaagiza ya kwake. Watu wa mila hii hawakuabudu kitambaa cha kwanza. Ni soko la Ulaya lililowafundisha watu neno "orijinali".

Sasa tugeuke kwa watu wetu, maana kuwasema wa mbali peke yao ni rahisi mno. Goma ina matajiri. Tunaziona nyumba zao za orofa kando ya ziwa, kutoka Himbi mpaka huku kwetu, zenye ukuta wa mawe ya volkano yaliyochongwa vizuri. Ndani yake ukutani kuna nini? Saa ya rangi ya dhahabu kutoka Dubai, na picha ya maporomoko ya maji iliyopigwa na mashine huko Uchina, yenye taa ndani. Mwenye nyumba ile akisikia kwamba mchoro wa Mkongo umeuzwa Paris kwa maelfu ya euro, anashangaa na kuuliza wanapata nini ndani yake. Pigozzi hakumnyang'anya huyo kitu. Alinunua kile ambacho huyu alipita bila kukiangalia.

Na jambo lenyewe linaendelea leo, si hadithi ya Tshibumba tu. Wachoraji wetu wa mabango, wale waliochora kwa mkono vichwa vya wanaume kwenye milango ya vinyozi, samaki na sahani ya ugali kwenye malewa, mbuzi kwenye maduka ya nyama, wanaondoka mmoja mmoja. Bango sasa linachapwa kwenye turubai la plastiki kwa saa moja. Yale ya zamani yanatumika kuziba matundu ya paa. Wapo waliochora mlima ukimwaga moto mwaka 2002, watu na magodoro vichwani kwenye barabara ya Sake na ya Gisenyi. Michoro ile iko katika nyumba za watu, haina tarehe, haina jina nyuma. Chukudu tumeijengea sanamu kubwa kwenye mzunguko wa barabara, na ni vema. Lakini chukudu ya kweli, iliyobeba viazi kutoka milimani miaka 20, yenye jina la fundi aliyechonga, nani ameiweka? Siku moja atapita mtu mwenye macho, atanunua vyote kwa bei ya pombe, atavipenda kwa kweli, na akizeeka atavitoa kwa jumba la mji wake. Nasi tutapiga makofi redioni.

Wasomaji wengine wataona tunataka jumba la makumbusho la Keshero, watacheka. Hatujasema jumba. Chama chetu kina chumba ambacho siku nne za juma kimefungwa. Shule nyingi zina stoo yenye madawati yaliyovunjika. Kinachohitajika kwanza ni daftari lenye jalada gumu, simu ya kupigia picha, na wanafunzi wawili wa kidato cha tano kwa kila avenyu siku ya Jumamosi. Wasinunue, wasichukue kitu. Wabishe hodi, waamkie wakubwa, waombe kuona. Kwa kila mchoro waandike jina la aliyechora, mwaka, nani aliuagiza, alilipa kiasi gani, na maneno ambayo mwenye nyumba anasema anapoulizwa: huyu ni nani, na anapigwa juu ya nini?